Nuru ya Ntoto Ilipopotea

Serja Floribert, sajini wa polisi, alifika kwenye kambi ya wapimaji wa ardhi juu ya mlima wa Kibabi akiwa amelowa chepechepe, na jambo la kwanza aliloambiwa ni kwamba asiguse chombo.

Hakuwa na haja ya kukigusa. Alikuwa na haja ya kuketi. Alikuwa ametoka Ntoto kwa miguu, kule kwenye misitu ya Walikale, na kila mlima aliouvuka ulimkabidhi kwa mwenziwe kabla hajavuta pumzi. Katika mwaka ule wa 1953 teritware ya Masisi, yaani wilaya nzima, ilikuwa na gari moja tu, na gari lile halikuwa la polisi mweusi mwenye magoti mabovu.

Chombo chenyewe kilisimama juu ya miguu mitatu chini ya mwavuli mkubwa, darubini yake imeelekezwa magharibi. Aliyekilinda aliitwa Albert, opereta wa mpimaji Mzungu, mtu mwembamba ambaye jicho lake la kushoto lilikuwa limebaki dogo kwa kazi ya kulifumba kutwa nzima. Mpimaji mwenyewe alikuwa hemani na homa yake.

"Papa Serja, ile maneno nilishaisema yote," Albert alisema.

"Uliiambia bwana yako. Mimi bado."

Kesi ilikuwa hivi. Kwenye kilele juu ya Ntoto wapimaji waliweka kioo. Kazi ya Symphorien, mwindaji wa hukohuko Walikale, ilikuwa kukaa nyuma ya kioo hicho na kulitupa jua mpaka Kibabi, ambako Albert aliliona kwenye darubini kama nyota ya mchana na kupimia pembe zake. Jua halikai mahali pamoja, kwa hiyo kioo hakiachwi. Mtu hukigeuza kidogo kidogo, na akiondoka tu, nuru inaikosa Kibabi na kuzimika. Nuru ikiwepo, mtu yupo. Nuru ikikosekana, mtu hayupo. Hesabu nyepesi kabisa, na ndiyo iliyokuwa inampeleka Symphorien gerezani.

Kwani Jumamosi asubuhi, chini ya kilele hicho, stoo ya wapimaji iliungua, na zamu wao, mlinzi mzee Sebahire, aliungua nayo. Mlango ulikuwa umefungwa kwa waya kutoka nje. Symphorien aliapa kwamba hakukiacha kioo mpaka aliposikia kelele za watu kule chini. Albert aliapa kwamba asubuhi ileile nuru ilipotea kitambo kirefu. Na kapita wa kambi ya Ntoto, msimamizi aitwaye Édouard, aliapa kwamba alimwona Symphorien akikilaza kioo kifudifudi na kushuka kwa hasira kuelekea stoo, kwa sababu yeye na Sebahire waligombea chumvi. Keshokutwa alasiri kamyo, lile gari moja la teritware, ingeondoka Masisi kwenda Goma, na Symphorien angekuwa juu yake, amefungwa kamba. Kwa mauaji ya namna ile, mtu harudi kutoka Goma.

"Nuru ilipotea muda gani?" Floribert aliuliza.

"Muda ya kutosha muntu ashuke, afanye mambo yake, apande tena."

"Hiyo si muda. Hiyo ni hukumu."

Albert alikunja uso. "Ilipotea kitambo, Papa Serja. Kisha ikarudi kidogo, kisha ikazimika kabisa. Njo ile tu niko najua."

"Ulikuwa umelala?"

"Mimi? Nilale namna gani, na bwana iko nyuma ya shingo yangu?"

"Wingu?"

"Hapana. Nilikuwa naona kichwa ya mulima ya Ntoto muzima. Nuru tu njo ilikosa."

"Na hapa katikati?"

"Katikati iko ule mugongo wa mulima juu ya kijiji ya Muheto. Nuru inapitaka pale karibu sana na udongo, inalamba majani. Bwana alitukatisha pori yote pale juu, tangu mwanzo."

"Siku ile mugongo ulikuwa namna gani?"

"Na mvuke kidogo, kama kila asubui. Na ile pori kidogo."

"Pori gani?"

Albert alionyesha kwa kidole. "Pori kidogo. Nyeusi. Pale juu."

"Si unasema mulikata yote?"

Floribert aliinuka, magoti yakilia, akainamia darubini huku mikono ameifunga mgongoni ili asigombezwe tena. Akaona milima imening'inia kichwa chini kama kuku wa sokoni, mbingu iko chini yake.

"Iko chini-juu."

"Njo vile inaonyeshaka. Tunazoea."

Alitafuta mgongo wa Muheto katika dunia ile iliyopinduka. Ulikuwa mtupu, umenyolewa, hakuna kichaka hata kimoja. "Albert, pori inaweza kuota asubui moja kisha iende?"

"Papa Serja, mimi napima nuru. Pori si kazi yangu."

Floribert alirudi kwenye sanduku lake la kukalia. Alikuwa amechoka, lakini si kiasi cha kutosikia. "Nani alimwambia Édouard kama nuru ilipotea?"

"Mujumbe ya bwana. Tulimutuma kesho yake, akaulize juu ya nini Symphorien ametuangusha."

Hilo lililingana na alichoambiwa Ntoto na polisi mwenzake aliyekuwa akimlinda mfungwa. Siku ya moto Édouard alisema alikuwa mtoni na hakuona kitu. Mjumbe alipofika na habari za nuru, ndipo kumbukumbu yake ilipopona. Floribert alikwisha kuona watu wengi wakikumbuka kwa namna hiyo, na hakuna hata mmoja aliyemfurahisha. Lakini kumbukumbu inayochelewa si ushahidi, na bwana wa teritware, Mzungu aliyekata kesi Masisi, alitaka ushahidi.

"Kesho asubui Symphorien atawasha kioo," alisema. "Polisi iko pembeni yake, nilishapanga. Wewe uko na kioo chako hapa?"

"Iko ndogo."

"Basi kesho mimi nitakuwa pale ku mugongo. Ukipoteza nuru ya Ntoto, unipigie ya kwako."

Albert alimtazama kwa mara ya kwanza kama mtu na si kama matope. "Unataka kuwa pori?"

"Nataka kujua pori iliona nini."

Alilala njiani, katika kibanda cha wachungaji, na asubuhi alikuwa juu ya mgongo wa Muheto kabla mvuke haujaisha. Upepo wa pale ulikuwa wa kuudhi. Alitembea polepole akifuata kilele, uso magharibi, mpaka nuru ya Ntoto ilipomchoma machoni ghafla, kali na nyeupe, ikitoka kwenye mlima wa mbali uliokuwa buluu na mdogo. Akaendelea, nayo ikaendelea kumtazama, upana wa shamba zuri la maharage, kisha ikamwachilia. Alirudi ndani yake na kuanza kutafuta upya, safari hii akigeuza shingo kila mara kuangalia Kibabi nyuma yake.

Kibabi ilikaa kimya. Akasogea. Kimya. Akasogea tena, na nuru ndogo ya Albert ikawaka.

Alihama hatua moja, ikazimika. Alirudi, ikawaka. Ndani ya lile shamba zima la nuru, mstari wa kutoka kwenye kioo hadi kwenye jicho la Albert ulikuwa mwembamba kuliko mlango, na yeye alikuwa amesimama mlangoni. Alichuchumaa, Kibabi ikazimika: nuru ilikuwa inapita juu ya kichwa chake. Alisimama, Kibabi ikawaka. Basi lililoziba Jumamosi lilikuwa na urefu wa mtu aliyesimama, na lilitulia. Ng'ombe hawatulii hivyo, wala hapakuwa na mavi yao.

Akiwa bado amesimama pale, nuru moja usoni na nyingine kisogoni, Floribert alifikiri hadi mwisho, na kwa mara ya kwanza tangu Ntoto akafurahi. Anayeuziba mstari ule hawezi kuuziba akiwa gizani. Waliompotezea Albert nuru walikuwa nayo machoni mwao. Kama Symphorien alikaa kwenye kioo, kuna watu waliomwona akikaa, ingawa hawakujua wanaona nini.

Alitafuta chini. Kwenye majani yaliyolazwa na makalio ya watu alikuta ngata, zile duara za majani ya ndizi ambazo wanawake huweka kichwani chini ya mzigo. Hazikuwa moja wala mbili. Zilitupwa pamoja, zimekauka kwa kiasi kimoja, na pembeni palikuwa na vipande vya kibuyu cha pombe. Mwanamke anayetoka shamba hupumzika peke yake au na jirani. Wanawake wengi wenye mizigo mizuri na pombe hawatoki shamba.

Mtu wa kwanza aliyemkuta kwenye mteremko hakuhitaji kuulizwa mara mbili. "Jumamosi? Ilikuwa arusi ya kwa Munyakazi. Walimutoa bibi-arusi ile upande ya Walikale, wakamupitisha pale juu, wanamubeba mu tipoyi ku mabega."

Munyakazi alikuwa mkulima wa Muheto, na hakuwepo nyumbani. Aliyekuwepo ni Athanasie, shangazi wa bibi-arusi, aliyebaki pale kumtunza mwali mpaka siku ya kufunuliwa. Kabla ya siku hiyo bibi-arusi hukaa chumba cha ndani, na uso wake hauonwi na mtu wa kijiji. Athanasie alikuwa kwenye baraza akimenya maharage, mgongo wake umeziba mlango wa chumba hicho, ambao ulipachikwa kitambaa cheupe.

"Mama, Jumamosi mulipumuzika kule ku mugongo," Floribert alisema baada ya salamu.

"Tulipumuzika. Njia iko ya kila muntu."

"Kitambo?"

"Mwali alikuwa nalia. Pale juu njo mahali ya mwisho ya kuona kwao. Hapiti bila kulia, na hatumunyanyue mpaka anyamaze. Wewe hauna dada?"

"Niko nao. Wakati munangojea anyamaze, muliona nini upande ya Walikale?"

"Hatukuona kitu."

"Hata ile nuru?"

Mikono ya Athanasie ilisimama ndani ya maharage.

"Nilikuwa pale leo," Floribert aliendelea. "Iliniingia mu macho mimi pia."

Mama yule alitazama uani, akashusha sauti. "Ile ni jicho ya wazungu. Inatoka kule ku mulima, inamupiga mutoto yetu ku uso, na yeye hajaonwa hata na mama ya bwana yake. Tungefanya nini? Tulisimamisha mikeka ya zawadi, pamoja na ile kitambaa ya mulango, tukafanya lupango, kama ukuta. Mikeka miwili mieusi. Tukainamisha vichwa, kila muntu. Alipomaliza kulia, tukaenda. Njo ile tu."

Lile ndilo pori la Albert. Floribert alitazama kitambaa cha mlangoni. Kilikuwa kipya, na ukingo wake ulishonwa uzi mwekundu. Jana yake alikiona kitambaa cha namna hiyo kwenye miti ya alama ya wapimaji, na huko Ntoto Édouard aliapa kwamba majora yote ya kitambaa kile yaliungua stoo.

"Hii mulitoa wapi?"

"Kwa kapita wa Ntoto. Anauzishaka kila siku ya soko. Hata sukari, hata petroli. Iko kosa?"

"Si kosa yako, mama."

Sasa ilieleweka kwa nini stoo iungue, na kwa nini iungue na zamu ndani. Sebahire ndiye aliyekuwa anakaa mlangoni, akiona kinachotoka. Lakini kitambaa kilikuwa kinamshtaki Édouard kwa wizi tu. Hakikumwondoa Symphorien kwenye kamyo.

"Nani aliangalia ile nuru mpaka mwisho?"

"Hakuna. Nimekuambia, tuliinamisha vichwa."

"Mama, kuna muntu moja watamufunga kesho, na hatarudi. Wanasema nuru ilizimika. Nikipata muntu mumoja tu aliyeona haikuzimika..."

"Na huyu wangu?" Athanasie alimkata. Sauti yake ilikuwa ya kunong'ona, lakini ilijaa hasira. "Bakwe, watu ya bwana yake, wakisikia kama jicho ya wazungu ilimuangalia njiani, wakisikia yeye pia aliangalia, watamurudisha na mikeka yake. Wewe njo utakuja kumuoa?"

Mama yule alikuwa na haki, na Symphorien pia alikuwa na haki, na ni siku za namna hii zilizomfanya Floribert aichukie kazi yake. Alitafuta fimbo yake.

"Mimi niliangalia."

Sauti ilitoka nyuma ya kitambaa, nyembamba na kavu. Athanasie aligeuka. "Drocella, nyamaza!"

"Walisimamisha mikeka lakini kulikuwa nafasi katikati," sauti iliendelea. "Nilikuwa naangalia kwetu. Ile nuru ilikuwa juu ya kwetu palepale. Ilikuwa naniumiza, lakini sikufunga macho. Ningefunga, ningeona kwetu tena siku gani?"

"Ilizimika?" Floribert aliuliza kitambaa.

"Hapana. Moshi ilianza chini yake, nikafikiri ni watu wanachoma mashamba. Nuru ilibakia. Mpaka waninyanyue ilikuwa ingali."

"Uko na hakika?"

"Papa, ningekuwa naangalia nini kingine?"

Floribert alikaa tena. Alisema maneno yake polepole, kwa kuwa hakuyapenda. "Ile yote, bwana wa teritware lazima aisikie mu kinywa yako, kule Masisi, kesho. Hapokei sauti ya nyuma ya kitambaa. Na kitambaa yenyewe nitaichukua."

"Kufunuliwa kwake bado!" Athanasie alisimama, maharage yakamwagika.

Kitambaa kilisogea. Msichana aliyetoka alikuwa mdogo kuliko sauti yake, macho yamevimba, nywele zimepakwa siagi ya arusi. Shangazi alimrushia kanga yake mwenyewe kichwani. Drocella akaitoa kwa heshima, akaikunja na kumrudishia.

Ndipo Munyakazi, baba mkwe, alipoingia uani na jembe begani. Aliona mara moja tu. Papo hapo akageuka, akaielekea migomba, na jembe lake hakulishusha. Floribert alieleza yote kwa mgongo ule: kioo, mikeka, moshi, kamyo. Mgongo ulisikiliza.

"Ile muntu iko wa wapi?" Munyakazi aliiuliza migomba.

"Wa Walikale. Mwindaji."

"Tunamujua?"

"Hapana."

"Iko na watoto?"

"Iko nao."

Munyakazi alilishusha jembe. Athanasie alikuwa analia bila sauti. "Basi kesho asubui," mzee alisema mwishowe. "Leo musitoke tena. Nitapita mu kijiji."

Floribert alilala kwa jirani akitarajia mabaya. Asubuhi alipomchukua Drocella na shangazi yake, alikuta Muheto nzima imejipanga kando ya njia, wanaume, wanawake na watoto, kuanzia ua wa Munyakazi mpaka kwenye kijito, na wote walikuwa wamegeuza migongo. Walitazama maharage. Walitazama kuta za nyumba zao. Bwana arusi mwenyewe alikuwa amesimama wa kwanza, paji la uso kwenye mgomba. Mwali alipita katikati yao uso wazi, na hakuna aliyemwona. Bibi mmoja aliuambia ukuta wake, "Safari njema, mutoto yetu." Floribert alitangulia mbele, na njia nzima mpaka Masisi hakugeuza shingo hata mara moja.

Walikuta kamyo imekwisha kupakiwa. Symphorien alikuwa juu ya magunia ya viazi, kamba mikononi, miguu imevimba kwa mwendo wa kutoka Ntoto. Édouard, aliyeitwa kama shahidi, alikuwa amepata nafasi nzuri mbele, karibu na dereva.

Kwenye baraza la ofisi bwana wa teritware alimuuliza Drocella maswali yake, kisha akayauliza upya kwa kuyageuza, na jibu lilikuwa lilelile: nuru ilikuwepo, moshi ukaanza, nuru ikabaki. Bwana alimtazama usoni muda wote, kwa kuwa hakujua lolote la mila ile. Kisha Floribert akamwita Édouard, akamketisha kwenye benchi.

"Uliona Symphorien akilaza kioo, moshi ikiwa bado kuanza?"

"Njo vile, Serja. Kwa macho yangu."

"Na kitambaa ya stoo iliungua yote?"

"Yote."

Floribert akamtandikia kitambaa magotini. Édouard aliutazama uzi mwekundu. Alianza kusema kwamba alipewa na Sebahire, kisha akasema hakijui, kisha akamwona Athanasie amesimama pembeni ya ofisi, na akaacha kusema. Polisi walipanda kwenye kamyo kuitafuta kamba ya kumfungia.

Floribert mwenyewe ndiye aliyemfungua Symphorien. Alipokuwa akihangaika na fundo alimweleza kwa maneno machache nani amemtoa, na kwamba mwali yule hajafunuliwa, na watu wa Muheto walifanya nini asubuhi ile. Symphorien alisikiliza bila kuinua kichwa. Aliposhuka, Drocella alikuwa anapita karibu na kamyo na shangazi yake, wakirudi. Mwindaji aligeuka upesi, akauelekeza uso wake kwenye mbao za kamyo, mikono iliyochubuka imeshikilia ubao.

"Asante, mama," alisema. "Sikukuona."